Mama wa Nywele

Mjukuu wangu Wilber alinyolewa na watu wema, na ubaya wa watu wema ni kwamba hakuna anayewazuia. Wangekuwa wezi wa kondoo, mbwa peke yao wangetosha.

Ilikuwa Julai, mwezi wa baridi kali, na sisi watu wazima wa kijiji cha Pucacancha tulikuwa juu uwandani tukikanyaga viazi. Ukivilaza viazi nje usiku vikaganda, asubuhi unavikanyaga kwa miguu mitupu mpaka vitoe maji yote, kisha unavianika, na vikishakauka vinakaa miaka bila kuoza. Kazi hiyo haimngoji mtu. Kwa hiyo kijijini walibaki watoto, mbwa na wamisionari.

Wamisionari hao walikuwa vijana kumi na wawili wenye mashavu mekundu, wametoka Marekani kwa wiki mbili, pamoja na wakubwa wao wawili ambao tuliwajua kwa sababu wanaishi mjini Urcos mwaka mzima. Mchungaji Randall ni mrefu, mpole, na hatembei bila faili kwapani. Mkewe Connie ni mfupi, anacheka upesi na analia upesi zaidi. Mwaka huo walikuwa wamechagua familia yetu iwe rafiki yao. Sisi hatukuomba. Walipita nyumba kwa nyumba na karatasi, wakauliza sakafu ni ya nini, paa ni la nini, nyama mnakula mara ngapi, halafu jioni wakatangaza kwamba ni sisi.

"Mama, tumeshinda nini?" mwanangu Eusebio aliniuliza.

"Umaskini, mwanangu. Tumewapiku hata akina Huillca."

Akina Huillca, majirani zetu, hawakutusemesha kwa wiki nzima, maana wao walijiona maskini kuliko sisi na walikuwa na ushahidi.

Connie alinishika mikono yote miwili mbele ya kijiji. Kihispania chake ni cha kuokoteza na changu si bora kuliko chake, kwa hiyo alizungumza kupitia kwa mpishi wao, Fortunata, mwanamke wa milima hii hii anayekijua Kiquechua, lugha yetu, tangu tumboni mwa mama yake. "Bibi Hermelinda," Fortunata alinitafsiria, "anasema kuanzia leo ninyi na wao ni familia moja. Nyumba yao ni nyumba yenu." Alipomaliza akainua nyusi kidogo, nami nikaziona. Lakini maneno niliyapokea, nikayaweka. Ahadi ni deni hata kwa mtu asiyejua kwamba ameahidi.

Sasa nieleze habari ya nywele, maana bila hiyo mtanidhania mimi ni bibi mgomvi tu. Kwetu nywele za mtoto hazikatwi ovyo. Zinaachwa tangu anazaliwa, zikisokotana zisokotane, mpaka wazazi wapate mtu wa maana wa kukata shungi la kwanza. Huyo ndiye baba wa nywele, au mama wa nywele. Anampa mtoto mnyama wa kuanzia maisha, lakini mnyama ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba tangu siku hiyo yeye na wazazi wa mtoto ni ndugu. Mnaitana kompadre na komadre, na kompadre hakwambii hapana. Ukiwa na shida mjini unalala kwake, akiwa na mavuno unakwenda kumvunia. Undugu wa damu unaweza kuusingizia Mungu, lakini huu umeuchagua mwenyewe.

Sisi tulikuwa tumeshampata wetu. Don Abundio wa Urcos ana lori, ana nyumba ya ghorofa, na kutoka mlangoni kwake hadi shule ya sekondari unaweza kwenda huku unatafuna mkate usiishe. Nilimfuata mwaka mzima kabla hajakubali. Siku ilikuwa imepangwa, wiki ya pili ya Agosti. Na nikiri hapa hapa: sikuwa namfikiria Wilber. Wilber alikuwa na miaka minne na alichotaka duniani ni kula udongo. Nilikuwa namfikiria dada yake, Delfina.

Delfina alikuwa anamaliza darasa la sita, wa kwanza katika hesabu, na mwalimu wake alinifuata hadi zizini kuniambia kwamba itakuwa dhambi akiishia hapo. Pucacancha haina sekondari. Msichana akimaliza la sita ama anachunga kondoo mpaka aolewe, ama anapelekwa Cusco kuosha vyombo vya watu. Mimi nilichunga. Mama yake, Nicasia, aliosha vyombo miaka minane, na mikono yake mnaijua. Delfina angelala kwa baba wa nywele wa mdogo wake na kusoma. Hiyo ndiyo kamba tuliyokuwa nayo, na ilikuwa imeota kichwani mwa Wilber.

Basi Connie na vijana wake walikuwa na kitu walichokiita wiki ya vichwa safi. Waliweka mabeseni ya maji ya moto uwanjani pa shule, na kila mtoto aliyeoshwa nywele alipewa biskuti. Wilber aliinusa biskuti, akamvuta dada yake mkono. Walimwosha, na nywele hazikupitisha kitana. Delfina aliona mkasi, akasema kwa Kihispania safi, "Mama, hapana, bibi yangu hataki." Connie akamwinamia, akampapasa shavu, akamwambia asione aibu, chawa si dhambi. Akakata. Akakata zote, kwa subira, huku akimwimbia mtoto wimbo wa Yesu na watoto wadogo, na alipomaliza vijana wakapiga makofi. Nywele wakazichoma motoni kwa ajili ya chawa.

Niliporudi nilimkuta Delfina amepiga magoti kwenye jivu anatafuta. Hakuwa analia. Aliniambia tu, "Bibi, ni mimi niliyempeleka." Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, nikashindwa kuchagua, nikamsaidia kutafuta. Tulipata vumbi. Maji yakimwagika hayazoleki, na nywele zikiungua zinanuka tu.

Don Abundio alizipata habari kabla hatujamfikia, na nilipoingia kwake alikuwa ameshavaa uso wa msiba. "Bibi Hermelinda, nasikitika," alisema. "Lakini shungi la kwanza limekatwa na mwingine. Mimi nikikata sasa nitakuwa nakata nini? Huyo Mzungu, huyo gringa, ndiye komadre wenu. Mna bahati, wana nyumba kubwa kuliko yangu." Mwezi uliofuata alikuwa baba wa nywele wa mtoto wa mwenye kinu. Sikumlaumu sana, maana kwa mila yetu alikuwa amesema kweli.

Na hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Nilifikiri Agosti yote na Septemba, nikiwa na hasira. Oktoba hasira ikachoka ikaacha hesabu. Gringa amekata nywele, basi yeye ni mama wa nywele. Alisema sisi ni familia moja, kijiji kizima kilisikia. Nyumba yake iko Urcos, inaitwa Nyumba ya Urafiki, imeandikwa ukutani kwa rangi ya bluu, ina vitanda kumi na viwili, na vitanda hivyo vina watu wiki mbili kwa mwaka.

"Mama, wale hawajui mambo yetu," Nicasia alisema.

"Anayekata bila kuuliza ni kwamba anajua. Kuuliza si ujinga."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa hawatakula."

Huo nao ni utaratibu wetu. Ukitaka kumwomba mtu jambo zito, unampelekea chakula cha heshima, maana mkono mtupu haulambwi. Kutanguliza ombi kabla ya chakula ni utovu wa adabu. Asiyetaka mzigo haigusi sahani. Anasema tumbo linamsumbua, na hakuna anayenuna. Akila, amekubali. Don Abundio alikula akalamba vidole.

Machi ilipofika, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, tulishuka Urcos sisi wanne: mimi, Nicasia, Delfina na Wilber. Eusebio alibaki na kondoo. Tulibeba godoro la Delfina, blanketi mbili, gunia la viazi, na simbilisi wanne niliowafuga mwenyewe jikoni, nikawachoma alfajiri kwa pilipili mpaka ngozi ikalia. Simbilisi mmoja ni heshima. Wanne ni jambo zito, na mtu yeyote wa milimani akiiona sahani ile anajua kwamba mtu amekuja kuomba kitu cha maisha.

Connie alitufungulia lango mwenyewe, akalia kwa furaha. Alimbeba Wilber, akamnusa kichwa, akasema kina harufu nzuri. Akatuketisha mezani. Fortunata alitoka jikoni, akaiona sahani, akaliona godoro nje ya mlango, akaelewa yote kabla sijafungua kinywa. Akasimama nyuma ya kiti cha bosi wake.

"Mama Connie," alimwambia kwa Kihispania, pole pole, "kabla hujala, fikiri kwanza."

Connie akamshika mkono akamwambia asihofu, tumbo lake limezoea.

Nilijua wamisionari na simbilisi. Huwa wanampiga picha, wanashukuru, halafu mbwa anaponea. Vijana wa Julai walishafanya hivyo kwangu mara tatu. Kwa hiyo nilikuwa nimeshajiandaa kurudi na godoro langu. Lakini mwanamke yule aliitazama sahani, akayatazama meno ya simbilisi, akafumba macho, akaomba, akala. Alikula paja, akala mbavu, na Nicasia alipomwonyesha kwamba kichwa ndicho cha mgeni wa heshima, akala na kichwa. Machozi yalimtoka, sijui kwa pilipili au kwa Yesu. Mchungaji Randall alikula viazi tu, na viazi havina maana yoyote. Delfina alinibana goti chini ya meza.

Tulipokwisha kula nikasimama, nikazungumza jinsi inavyotakiwa. Nikasema, komadre, umezikata nywele, umekula, Mungu na mlima wamekuona. Huyu hapa ni Delfina. Shule inafunguliwa Jumatatu. Godoro amekuja nalo.

Fortunata alitafsiri, na kwa mara ya kwanza hakutafsiri maneno tu. Alieleza. Alimweleza habari ya shungi la kwanza, na Don Abundio, na sekondari, na kamba iliyoungua, na kwamba sahani aliyomaliza ilikuwa swali. Nilimtazama Connie usoni na niliona kila kitu kikimwingia kwa zamu. Alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akamgeukia Delfina, akasema, "Uliniambia. Wewe uliniambia hapana." Delfina akaitikia kwa kichwa.

Ndipo mumewe akafungua faili.

Sitasema Randall ni mtu mbaya. Alisoma kwa huzuni, na Fortunata akatufikishia: kanisa lao huko kwao lina kanuni, na kanuni inasema mtoto wa wenyeji asilale chini ya paa moja na mmisionari, hata siku moja, hata kwa ruhusa ya wazazi. Ni kwa ajili ya kuwalinda watoto. Nami nikasema ni kanuni nzuri, dunia ina watu wabaya, na ningefurahi kuiona kanuni ya namna hiyo kuhusu mikasi.

"Fortunata, hilo la mwisho tafsiri," nilimwambia.

"Bibi, nimeshalitafsiri."

Connie alilia, safari hii si kwa furaha. Akauliza afanye nini. Nikamwambia amchukue mtoto. Akamtazama mumewe, mumewe akatazama faili. Mwishowe akasema kitu wanachosema wanapokwama: wataliombea, Mungu awaonyeshe njia.

"Vizuri," nilisema. "Waombe. Sisi tutasubiri."

Sidhani walitegemea tusubiri kweli. Kwao, nimekuja kugundua, tutaliombea ni namna ya kufunga mlango bila kuubamiza. Kwetu mtu akisema anakwenda kumuuliza Mungu, unakaa ungoje alivyojibiwa. Tulikaa uani, kwenye kibanda cha jiko la nje ambako Fortunata anapikia na kulala, ambacho kina paa lake chenyewe. Jumamosi wao waliomba ndani, sisi tukachambua viazi vyao. Jumapili waliomba na wageni wawili wa kanisa, sisi tukafagia ua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatukungoja kupewa. Jumatatu asubuhi Delfina alioga kwa maji baridi, akasuka nywele zake, akavaa sare ya kijivu ambayo Nicasia alikuwa ameishona, akakaa juu ya godoro lake lililokunjwa, akitazama mlango wa nyumba.

Saa moja na nusu asubuhi Connie alitoka na kikombe cha kahawa mkononi. Alimwona. Alisimama hapo mpaka kahawa ikapoa.

"Randall," aliita, na Fortunata akanong'ona tafsiri sikioni mwangu. "Siku tatu tunamwomba Mungu atuonyeshe njia. Imekaa uani na viatu vimepigwa rangi."

Randall alikuja mlangoni. Alimtazama mkewe, akamtazama mtoto, akafungua faili, akalifunga. Akasema anakwenda kutembea kidogo. Alitembea mpaka saa sita. Aliporudi Delfina alikuwa shuleni na godoro lake lilikuwa juu ya kitanda cha pili kutoka dirishani.

Miezi ile mitatu nitaisema ilivyokuwa. Connie alikuwa komadre. Alijifunza kuniita hivyo, akilivunja neno katikati. Alimletea Wilber kondoo jike, akamleta mwenyewe, amempakata kwenye basi. Mei tulipovuna viazi alipanda mlima akavuna nasi siku mbili, vibaya sana, akijikata vidole, na jioni alikaa jikoni kwangu kwenye moshi asiseme neno lolote la Biblia. Nilimpenda. Nasema wazi, mimi niliyekuwa nimemwapiza miezi mizima, nilimpenda. Delfina alikuwa wa tatu darasani, halafu wa pili, na kila nikiona ripoti nililia pembeni ili asione.

Kosa la Connie lilikuwa kufurahi kwa maandishi. Kila mwezi aliwaandikia watu wa kanisa lake barua, na ya mwezi wa Mei alitia picha ya Delfina amekaa kitandani na daftari la hesabu. Aliandika kwamba miaka tisa amekuwa akihubiri urafiki na sasa ndiyo kwanza ameujua. Alitusomea barua ile kwa fahari. Wakubwa wake waliisoma pia. Hawakuona urafiki. Waliona kitanda, na mtoto wa wenyeji juu yake, na paa.

Jibu lilikuja Juni. Warudi nyumbani kabla ya mwezi kwisha. Nyumba itabaki ya kikundi cha Julai, na Fortunata abaki kuilinda. Yaani miaka tisa walipotuita sisi watu wa milima familia bila kuwa familia, hakuna aliyewaandikia. Mwezi ule walipokuwa kweli, waliitwa.

Delfina alituma neno kwa basi, nikashuka na Nicasia na Wilber. Masanduku yalikuwa uani. Delfina alikuwa amekunja godoro lake bila kuambiwa na alikuwa amelikalia, sare mwilini, uso mkavu. Aliniambia, "Bibi, nirudi kwa kondoo?" Nikamweka sawa kola ya sare.

Connie alimkumbatia Nicasia, akanikumbatia mimi. Ikawa kwamba aliyesema ni Randall. Alikuwa amesimama na faili lake, wazi ukurasa ule ule, na alimwita Fortunata aje atafsiri.

"Nataka kusoma kanuni kwa mara ya mwisho," alisema.

Nilitaka kumwambia aiweke anapojua. Nicasia alinishika mkono.

Akasoma pole pole, na Fortunata akasema kwa lugha yetu: mtoto wa wenyeji asilale chini ya paa moja na mmisionari. Akasoma mara ya pili. Kisha akainua kichwa akalitazama paa la Nyumba ya Urafiki, bati jekundu, kubwa, kuanzia pembe moja hadi nyingine, akilitazama kwa makini ya fundi aliyeitwa kukadiria.

"Kuanzia leo," alisema, "chini ya paa hili hakuna mmisionari."

Akatoa funguo mfukoni akampa Fortunata. Fortunata hakutafsiri. Alizipokea, akazitia ndani ya aproni yake, akaingia jikoni, na tulimsikia akivuta kamasi.

Ni Delfina aliyeelewa wa kwanza, kwa kuwa Kihispania chake ni kizuri na hesabu zake ni nzuri zaidi. Aliinuka juu ya godoro lile akamwendea Randall, akasimama mbele yake, hakujua amfanyie nini, akampa mkono. Randall akaupokea kwa heshima kama wa hakimu. Wakaondoka na basi la saa nane. Wilber alimpungia mama yake wa nywele mpaka vumbi likatua.

Sasa Delfina anakilalia kitanda cha pili kutoka dirishani, kwa amani na kwa kanuni, isipokuwa wiki mbili za Julai. Wiki hizo wamisionari wanakuwa chini ya paa, na yeye anahamia kibandani kwa Fortunata. Hakuna anayevunja neno lolote la faili.

Mwaka huo huo kikundi kilikuja, watu kumi na wawili wapya, hawakumjua Connie wala hawakuwa wameambiwa kwa nini aliondoka. Mimi nilikuwa kibandani mchana wa Alhamisi, nimemletea Fortunata viazi. Yeye alikuwa ameinama kwenye sufuria. Simbilisi walikuwa wanalia chini ya meko. Delfina alikuwa amekaa juu ya gunia, daftari magotini, penseli mkononi, na moshi ulikuwa unamfanya atokwe na machozi jicho moja.

Walituona kupitia mlango. Waliona bibi kikongwe, mpishi, moshi, na msichana mnyonge anayelia juu ya gunia. Nikaona nyuso zao zinavyolainika, nikajua kinachokuja. Walikusanyika mlangoni, kijana mmoja akatoa gitaa, wakatuimbia nyimbo tatu. Walikuwa na sauti nzuri. Halafu msichana mmoja wao mwenye macho ya huruma ya kweli, huruma kama ya Connie kabisa, alichuchumaa mbele ya Delfina, akamshika mikono yote miwili, penseli ikiwa ndani yake. Akasema kwa Kihispania cha kuokoteza kwamba wangependa kuwa marafiki zake. Na kwamba amwambie, bila aibu, katika dunia hii yote ni kitu gani anachokihitaji zaidi.

Delfina aliitoa mikono yake kwa adabu.

"Kimya, dada," alisema. "Kesho nina mtihani wa hesabu."